Safu Isiyokuwepo

Rejista ya mahakama ya mwanzo ina safu tano:
namba, jina, kosa, hukumu, tarehe.
Nimeijaza miaka kumi na mitatu kwa kalamu ya bluu,
dirisha langu likitazama mabati ya Igogo
yanavyopanda mlima, jiwe kwa jiwe,
kama watu waliokosa viti.

Namba 88. Lushinge Mabula, miaka ishirini na miwili.
Kosa: mashine ya boti, ile ya kumi na tano,
iliyokutwa chini ya magunia ya dagaa, Mwaloni.
Hukumu: miezi kumi na minane, Butimba.
Tarehe ipo.
Mstari ukaisha pale, nikapuliza wino.

Mama yake hakuondoka.
"Andika na hili," akaniambia,
kana kwamba mimi ndiye niandikaye dunia.
Akiwa na miaka tisa aliokota panki moja kiwandani,
kichwa na mifupa ya sangara, minofu imeshapanda ndege,
akaitwa Mwizi. Wala si kwa hasira. Jina la kila siku:
Mwizi njoo, Mwizi peleka ndoo, Mwizi umekula?
"Jina lilimtangulia, mama karani.
Yeye alikua tu ndani yake,
kama mtoto aliyenunuliwa sare kubwa."

Wiki ileile akaja kijana wa chuo, kutoka Malimbe,
na dodoso la kurasa nne.
Umaskini, malezi, au marafiki? Weka tiki.
Nikamwambia: Igogo ina maskini maelfu
na wezi kumi na mmoja ninaowajua kwa majina ya ubatizo.
Nionyeshe kisanduku cha wale wengine,
wanaolala njaa na mlango wa jirani uko wazi.
Hakuwa nacho. Akaandika pembeni.
Hapo nikampenda.

Tukatazama wote bango la simu kule juu,
linalowaka usiku kucha hata umeme ukikatika mtaani:
UNASTAHILI ZAIDI.
Kila mtoto wa mlimani amejifunzia kusoma hapo.
Halisemi unapitia wapi.

Sikumsimulia usiku wa kukamatwa.
Nyanzobe na Bhoke, wasiosalimiana
tangu ugomvi wa mfereji wa maji machafu,
walipokezana jiwe moja.
Filimbi, tochi, mmoja akatupa utani, watu wakacheka.
Polisi walipomchukua, akiwa bado anapumua,
chai ilichemshwa, tukanywa mpaka alfajiri.
Nilikuwepo. Nilishika kikombe.
Sijawahi kuuona mtaa wetu ukipendana vile,
na tangu hapo naogopa ninachokijua:
kuna usiku tunamhitaji mwizi
ili tuweze kusema "sisi."

Namba 89 ilikuwa kokoro,
la mzee mmoja na wanawe watatu,
tundu lake dogo kuliko rula ya afisa.
Likachomwa ufukweni. Moshi wa nailoni
ukaingia mpaka kortini, tukakohoa wote,
hakimu, mshtakiwa, mimi.
Yule aliyewanunulia samaki hao miaka mitano,
wachanga kwa wakubwa, bila kuuliza,
hana mstari humu. Nimefunua nyuma, nimetafuta.
Rula ile hupima wavu.
Haijawahi kupelekwa kwenye mizani yake.

Nikachora safu ya sita, kwa penseli, nyembamba,
pembezoni mwa namba 88.
Nikakaa nayo mpaka chai ikapoa.
Niandike panki? Bango? Jina? Jiwe?
Nafasi ilikuwa ya neno moja.
Nikaifuta. Ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga
utaona alama bado.

Saa tisa na nusu nafunga ofisi.
Mkobani mna karatasi za serikali, hamsini hivi,
za Kabula wangu kufanyia hesabu.
Kila Ijumaa ni hivyo, sikumbuki tangu lini.
Mlinzi hunifungulia geti, anainamisha kichwa:
"Siku njema, mama karani."
Hilo ndilo jina nililopewa.
Nimekua ndani yake.
Limenikaa vizuri.